Sifa Nilizompa Kijana wa Mazoezi

Mama alipopigwa na kiharusi, upande wake wa kushoto ulilala kabisa. Alilazwa mjini Tanga, kisha tukaruhusiwa kurudi kwetu Moa na dawa za presha za mwezi mmoja. Tukaambiwa dawa zikiisha arudi, daktari amwone, na akiridhika atatuandikia rufaa ya kuanza mazoezi ya viungo.

Sikumrudisha. Mama alilia kila alipobebwa kuingizwa garini, nami ni mwalimu wa shule ya msingi, ruhusa haziji kirahisi. Dawa zilipoisha nilinunua zilezile dukani.

Nyumba ya tatu kutoka kwetu waliishi wakwe wa kijana mmoja aliyekuwa mtaalamu wa fiziotherapia hospitalini Tanga. Watu wa Moa walimwita daktari wa mazoezi. Jumamosi moja alipokuja kuwasalimu wakwe zake nilimwita kwangu. Akavua viatu, akapiga magoti kando ya kitanda.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba," mama akajibu, mdomo umekwenda upande.

Akanigeukia. "Mwalimu, barua ya daktari ipo?"

"Bado."

"Basi siwezi kumshika. Daktari amwone kwanza, aniandikie."

"Mwanangu, mtaalamu si wewe? Hiyo barua itakufunza nini?"

Akacheka kwa haya. Alimtazama mama, akautazama na ule mkono uliolala juu ya kanga. "Leo nitamnyoosha vidole tu. Wiki ijayo muwe mmekwenda."

Wiki iliyofuata akauliza tena. Nikamwambia kuna mitihani. Nyingine nikamwambia mvua, nyingine gari. Kila mara alisita mlangoni, na kila mara nilimwekea mkeka. Mwisho akaacha kuuliza. Mama naye alikuwa anapata nafuu: alikaa, akasimama, akaanza kutembea kwa kushika ukuta. Siku alipokwenda peke yake kwa jirani kumpa hongera ya uzazi, nilijifungia jikoni nikalia kwa furaha.

Ndipo ukaitishwa mkutano wa kijiji, wakaja wageni wa afya kutoka mjini. Walipouliza tunaridhikaje na huduma, nilisimama. Nilimsifu yule kijana kwa sauti yangu ya darasani. Nikasema anakuja kila Jumamosi, hataki malipo, wala hana mambo ya barua wala rufaa kama hao wengine. Mgeni mmoja akamwinamia mwenzake, wakanong'ona. Kijana mwenyewe alikuwa amekaa nyuma na baba mkwe wake. Nilimtafuta kwa macho nimwone akitabasamu, nikamkuta ameinamisha kichwa anatazama viganja vyake.

Haikupita muda nikaitwa kutoa maelezo mbele ya kamati ya nidhamu ya wataalamu wa fiziotherapia. Walikaa Raskazone, mjini Tanga, katika nyumba ya zamani iliyogeuzwa ofisi. Njia nzima nilikuwa napanga maneno ya kumwokoa.

Mwenyekiti, mama wa makamo, aliniuliza, "Alimtibu mama yako bila rufaa?"

"Ndiyo. Lakini yeye barua aliidai. Mimi ndiye niliyemzungusha. Kosa ni langu."

"Wewe huna kosa, Mwalimu. Kanuni haikubani wewe, inambana mwenye leseni. Akiona hakuna rufaa, anakataa."

"Basi nipeni hata onyo."

Mmoja wao akatabasamu. Mwenyekiti hakutabasamu. "Hatuna onyo la kukupa. Ahsante kwa kuja."

Nilipotoka, kijana alikuwa kwenye benchi la nje, shati limepigwa pasi. Nilipita mbele yake kama mtu aliyeiba. Walimsimamishia leseni kwa miezi kadhaa. Nikaja kusikia yuko Pongwe, anauza saruji katika duka la kaka yake.

Hapo sasa ndipo nilipompeleka mama kwa daktari. Alimpima presha, akasubiri, akampima tena.

"Nani alikuwa anamfanyisha mazoezi na presha hii? Angeweza kuanguka tena, na safari hiyo asiinuke."

 Nilikuwa nimeingia pale na hasira zangu juu ya kanuni zao, nikiamini wamemwonea mtu mwema. Sasa nilikosa hata pa kuzipeleka hizo hasira. Daktari alibadilisha dawa, akaagiza mapumziko hadi presha itulie. Katika mapumziko hayo vidole vya mama vilijikunja upya, na viwili havikunyooka tena.

Kijana aliporudishiwa leseni tulimfuata hospitalini, rufaa mkononi. Aliisoma yote, akampima mama presha, ndipo akaanza kazi, mikono ileile ya upole. Walipomaliza nilimfuata ukumbini.

"Mwanangu, nimekuponza."

"Waliniadhibu kwa haki, Mwalimu," akasema. "Ningekataa siku ile ya kwanza, Jumatatu yake ungempeleka kwa daktari."

Alisema bila kinyongo, na afadhali angenitukana. Kweli ningempeleka. Nilijua atashindwa kukataa, nikaitumia huruma yake kujipunguzia safari.

Moa haji tena. Mkewe huja peke yake kuwaona wazazi. Mama mkwe wa kijana tunasalimiana, ila chai hanikaribishi.

Juzi jirani ambaye mumewe alianguka kutoka mnazini alikuja kuniomba namba ya yule kijana. Nikamwambia waanze kwa daktari.

"Mbona kwako alikuwa anakuja?"

"Alikuja, na haikuwa sawa. Twende kwa daktari, nitawasindikiza."

"Kumbe watu mliosoma mna choyo hivi," akasema, akaondoka.

Asubuhi yake nikawakuta wawili hao barabarani wanangoja gari la mjini, mume amekaa juu ya gunia, mgongo umempinda. Nilipanda nao. Jirani hakunisemesha mpaka Tanga, wala sikumlaumu.