Nilipokuwa Kinywa cha Kapiteni Mbudha

Siku yangu ya kwanza kazini, mkuu wa wakalimani alinifundisha sheria moja: mkubwa akisema "mimi", nawe sema "mimi". Kinywa chako umekikodisha. Vita vilikuwa vimefunga shule niliyofundisha pale mtaani Kasuku, na askari wa kulinda amani wakaniajiri kwa Kifaransa na Kiingereza changu.

Kwanza nilipewa komanda mmoja mpenda kelele. Kisha nikapelekwa kwa Kapiteni, Mbudha kutoka nchi ya mbali ya Asia. Alikuwa mpole ajabu. Mende akiingia ofisini alimtoa nje kwa karatasi, nami Mwislamu nikimcheka. Nikaamini kwamba watu wa dini ile damu hawaijui. Miaka ile nilihitaji sana kuamini kwamba watu wa namna hiyo wapo.

Tukavuka mto hadi Alunguli, mtaa jirani na wetu, kuzungumza na watu waliokimbia vita kule Lokandu, kama warudi kwao au la. Kapiteni aliwaahidi kwamba askari wake watakaa kule pamoja nao. Nami nikaongeza langu, kosa ambalo mkalimani hasamehewi: kwamba hawa ni watu wa Budha, hawaui hata mbu.

Mama Zaina, aliyezika watoto wawili porini, akasimama.

"Sasa kama hawawezi ua hata mbu, watatukinga na nini? Miye sirudi."

Wengine wakaanza kuondoka. Kapiteni akaniuliza nimesema nini. Nikamweleza. Akasema polepole, nami nikatafsiri kwa sheria ya kazi:

"Dini yangu inakataza kuua. Kwetu kulikuwa na vita, na watawa wetu walibariki bunduki. Mimi niliua. Mtu wa kijiji cha jirani. Sitaki kuua tena, lakini sitawaacha."

Nilisema "mimi niliua" mbele ya majirani zangu. Mama Zaina akamtazama yeye, si mimi.

"Huyu iko anasema kweli," akasema. "Tutarudi."

Wakarudi. Baadaye Kapiteni akaondoka na kikosi chake, bila kuacha anwani.

Sasa nimestaafu. Vijana huniuliza kama dini ile kweli ni ya amani, kama wanavyosoma kwenye simu. Nawajibu kwamba inahubiri amani kama yetu, na mikono ya watu wake imeshika bunduki kama yetu. Jibu hilo haliwaridhishi. Mimi namkumbuka mtu mmoja tu, na natamani kumwona. Laiti angeketi kwangu tunywe chai, aniambie yule wa kijiji cha jirani aliitwa nani. Siku ile nilitaka kumuuliza, lakini mkalimani haulizi.