Mvumo wa Mtambo Uliozimwa

Alipoolewa na kuletwa katika ule mtaa wa chini ya bomba la moshi, kilichomnyima raha hakikuwa mume wala mama mkwe. Kilikuwa mvumo. Ulitoka kwenye kituo cha kufua umeme ng'ambo ya ukuta, ukapita ardhini, ukapanda miguu ya kitanda, ukamwingia mpaka kwenye magego. Ukiacha kijiko ndani ya kikombe, kilitetemeka chenyewe kama mtu mwenye homa.

"Mama," alimwuliza mama mkwe wake, "hiki kitu huwa kinanyamaza saa ngapi?"

Mama mkwe alicheka mpaka akajishika ubavu. "Kinyamaze kiende wapi? Utazoea, mwanangu. Ukishazoea hata hutakisikia."

Akazoea kweli. Akazoea na vumbi jeusi kwenye nguo zilizoanikwa, akazoea kupiga kelele anapomwita mtu aliye chumba cha pili. Kituo kilipotangaza nafasi za kazi alijaribu bahati yake, akaanza kwa kufagia, akasomeshwa hapohapo, mwisho wake akawekwa kwenye chumba cha uendeshaji, kwenye ukuta uliojaa geji za duara zenye mishale. Kazi yake ilikuwa kuitazama mishale ile isivuke mstari mwekundu. Mtaa mzima ukamwita Mama Geji. Mumewe alikuwa fundi wa boila, kule chini kwenye joto na majivu, na wenzake walimtania kwamba mkewe anamchunga hata kazini: akikoleza moto kupita kiasi, mke anamwona ukutani.

Miaka ikaenda. Watoto wakakua, wakaoa, wakaolewa, wakahamia mbali. Kifua cha mume kikaanza kukoroma. Na mvua nazo zikaanza kuwa na kiburi: zikija zinafagia madaraja, zikisusa zinasusa msimu mzima, na mto uliopoza mitambo unabaki tope. Mara mbili kituo kilisimamishwa nusu kwa kukosa maji, na mara zote mbili watu wa mjini wakatukana gizani.

Ndipo maneno ya kufunga yakaanza. Ofisa mmoja mwenye shati jeupe alikuja ukumbini akawaeleza watu mabadiliko ya tabianchi, ahadi ambazo serikali imetia saini, na jinsi minara ya upepo itakavyosimama kule kilimani na kuleta nishati safi. Alieleza vizuri, kwa upole. Alipomaliza, akasimama mwenyekiti wa chama cha wafanyakazi, ambaye alikuwa mdogo wake mume wa Mama Geji. Huyu walimwita Spika, kwa sababu hakuhitaji kipaza sauti.

"Tuliletewa makaa ya mawe tukaambiwa chomeni," alisema. "Tukachoma. Nchi ikawaka taa. Leo mnatuambia moshi ni wetu! Sawa, moshi ni wetu. Na aliyetupatia kiberiti yuko wapi?"

Ukumbi ulilipuka kwa makofi. Ofisa alifuta miwani yake.

Jioni hiyo walikula pamoja, maana Spika hakuwa na mke na sahani yake ilikuwa kwa kaka yake. Mama Geji akampakulia, akasema, "Shemeji, maneno yako matamu. Ila kabla hujayasema tena, msikilize kaka yako anavyokohoa."

"Shemeji, kikohozi hakilipi ada."

"Wala maiti hailipi."

Mume akaweka kijiko chini. "Msinirushiane kama mpira," akasema. "Hapa nimekula, hapa nimeugua. Yote mawili ni kweli." Akaendelea kula.

Siku ya kuzima mitambo, waliweka mahema uwanjani na viti vyenye vitambaa. Mheshimiwa waziri alikuja na wapiga picha. Mtu fulani aliona picha itapendeza zaidi kama kitufe kitabonyezwa na mwanamke, tena mfanyakazi wa siku nyingi. Wakamwita Mama Geji. Hakukataa. Baadaye watu walimwuliza kwa nini hakukataa, na jibu alilokuwa nalo ni kwamba aliona heri izimwe na mtu anayeifahamu kuliko kuzimwa na mgeni.

Akabonyeza. Mishale ikaanza kulala mmojammoja. Mvumo ukashuka taratibu kama mtu mzima anayeteremka ngazi, akafika kidato cha mwisho, akakanyaga sakafu, basi.

Kimya kilichofuata hakikuwa kimya cha kawaida. Kilikuwa na uzito. Uwanjani watu walijishika masikio, na mlinzi mzee aliyekuwa amesimama wima alipepesuka akaanguka, kama kwamba ukuta alioegemea miaka yote umeondolewa. Mtoto mchanga akaanza kulia, kisha mwingine, kisha wote waliobebwa pale. Hakuna aliyepiga makofi. Mheshimiwa akaanza kupiga yeye, na kila kofi lilisikika peke yake.

Toka siku hiyo mtaa ukawa mgeni kwa wenyewe. Watu waliozoea kupaza sauti walijikuta wanafokeana mezani. Jirani alimsikia jirani akitafuna. Siri za nyumba zikatoka nje bila viatu, ndoa zikayumba, na wambea wakasema hawana kazi tena, kila mtu anajisikilizia mwenyewe. Nguo zilikauka nyeupe. Mbingu ikawa ya buluu mpaka ikatisha. Kikohozi cha mume kilipungua wiki hadi wiki, lakini usingizi ukamkimbia kabisa. Asubuhi mkewe alimkuta ameketi ukingoni mwa kitanda, macho mekundu.

"Nausikia moyo wangu," alisema. "Nikilala unagonga kama fundi. Nawezaje kulala na fundi anagonga?"

Mama Geji alipata kazi kwenye kituo kipya cha upepo, chumba kidogo safi chenye kompyuta na kiti cha kuzunguka. Wachache sana walipata. Wengine waliahidiwa mafunzo, na mafunzo yakabaki ahadi. Mtaani wakambadili jina, wakamwita Mama Swichi. Alisalimia, salamu ikarudi nusu. Spika hakukanyaga tena nyumbani kwake. Alikuwa akija kumjulia hali kaka yake kupitia dirishani, na shemeji yake akitokea, anakumbuka kwamba ana haraka.

Halafu mvumo ukarudi.

Wa kwanza kusema alikuwa fundi cherehani wa pale kona. Alisema aliusikia akiwa anapiga pindo, akadhani ni cherehani yake, akaondoa mguu kwenye pedali, ukaendelea. Watu wakamcheka. Kabla mwezi haujaisha, wale waliocheka walikuwa wakisimama barabarani mchana kweupe, vichwa vimeinama upande mmoja. Ulikuwa uleule, mzito, wa chini, usio na mwanzo. Wazee walianza kulala tena. Hata mume wa Mama Geji alilala, mchana na usiku, kama anayelipiza.

Lisemwalo lipo, na lisilokuwepo hutafutiwa mahali. Ikasemwa kwamba mitambo imewashwa kwa siri, kwamba umeme unauzwa nje na wakubwa. Ilikuwa karibu na uchaguzi wa diwani, na Spika alikuwa mgombea. "Wanafua na wanakula wao!" alinguruma kwenye mikutano. "Sisi tumeachiwa mapangaboi ya kilimani!"

Mama Geji naye aliusikia. Kilichomsumbua ni jambo moja dogo. Alijaza glasi maji akaiweka mezani, akaketi kuitazama. Zamani maji yangechorwa duara juu yake bila kuguswa. Sasa mvumo ulijaa chumba kizima, na maji yalitulia kama kioo. Akaweka kiganja sakafuni. Sakafu ilikuwa imekufa. Akainuka akamwaga yale maji nje kama aliyeona kitu ndani yake.

Asubuhi moja watu walikwenda kwenye lango la kituo, mamia yao, wakasema hawaondoki mpaka waone. Msimamizi wa pale, mtu mwoga mwenye funguo nyingi, akakubali waingie wawili: mmoja wa kuwawakilisha, na mmoja anayeijua mitambo. Wa kwanza alikuwa Spika, hilo halikujadiliwa.

"Na mwingine?"

"Mama Swichi!" sauti ikatoka nyuma. "Aliyeua ndiye aijuaye maiti!"

Wakacheka, lakini wakampisha njia.

Msimamizi alifungua, akabaki mlangoni. Shemeji na shemeji wakaingia. Hawakuwa wamesemezana tangu siku ya kuzima. Ukumbi wa mitambo ulikuwa mtupu. Majabali yale ya chuma yalikuwa yameng'olewa na kuuzwa, yakaacha mashimo ya mstatili na boliti zilizokatwa. Njiwa walikuwa wamejenga kwenye reli ya winchi. Wakashuka kwenye boila. Spika akaweka mkono kwenye mlango wa tanuri, akauondoa haraka.

"Moto?" Mama Geji akauliza.

"Baridi," alisema. "Baridi mno."

Wakapanda chumba cha uendeshaji. Mishale yote ililala kwenye sifuri. Vumbi lilikuwa sawia juu ya meza, bila alama ya kidole. Hapo ndipo Spika alipogeuka akamtazama usoni.

"Shemeji. Unasikia?"

Alisikiliza. "Sisikii kitu."

"Ndiyo. Toka tumeingia, sisikii kitu. Huku ndani hakuna."

Wakasimama. Kwa mara ya kwanza Mama Geji alimwona shemeji yake akiwa mdogo, vile alivyokuwa siku ile alipomfungulia mlango bibi harusi wa kaka yake. "Nilitaka iwe inawaka," akasema Spika. "Hata kwa wizi. Nilitaka tu iwe inawaka."

"Najua."

Wakatoka. Walipovuka uwanja wa majivu kuelekea langoni, mvumo ulianza. Mwanzoni kwa mbali, kisha kila hatua ukazidi, mpaka Spika akamshika mkono shemeji yake, jambo ambalo asingelifanya mbele za watu. Haukutoka nyuma yao. Ulitoka mbele.

Watu walikuwa wamesimama kimya langoni wakiwasubiri, midomo imefumbwa, macho yamewaelekea. Na kutoka kwao, kutoka kwa umati mzima kama kutoka kwenye mtungi mmoja mkubwa, mvumo ulikuwa ukivuma.

Mama Geji alikwenda moja kwa moja kwa mama muuza mboga aliyekuwa mbele kabisa, mwanamke mzima aliyefahamiana naye miaka mingi. Akamwekea kiganja chini ya koo. Kilitetemeka. Kilitetemeka vilevile kama miguu ya kitanda chake cha harusi.

"Dada," akamnong'oneza, "unavuma."

"Mimi?" Muuza mboga akashangaa, na alipofungua kinywa mvumo wake ulikatika ndani ya ule wa umati, kisha alipofunga ukaungana tena. "Mimi nimenyamaza, mwenzangu. Nawasikilizia nyie."

Pembeni yake mwanamke alikuwa amembeba mtoto mgongoni, mtoto aliyezaliwa baada ya kuzimwa, ambaye hakuwahi kuisikia mashine hata siku moja. Naye alikuwa amelala, pua imebana kwenye kanga, akivuma.

"Haya, Spika!" wakapaza sauti. "Inawaka au haiwaki?"

Alikuwa na uchaguzi kiganjani. Angesema neno moja tu, lile walilotaka. Alipanda juu ya jiwe la langoni, akafungua kinywa, akakifunga, akafungua tena.

"Imekufa," alisema. "Nimeishika kwa mkono wangu. Humo ndani kuna njiwa."

"Basi kinachovuma ni nini?"

Spika akamtazama shemeji yake. Mama Geji akatikisa kichwa taratibu. Wangewaambia nini? Mtu unamwambiaje kwamba kifua chake si chake? Spika akashuka jiweni bila kujibu, na watu wakasema amenunuliwa. Mgombea mwenzake alishinda bila hata kuitisha mkutano wa mwisho.

Jioni ya matokeo alikuja nyumbani, akapita mlangoni, si dirishani. Mama Geji akampakulia kana kwamba alikuwa amekuja jana na juzi. Baadaye Spika alikwenda kilimani kuomba kazi, wakamfundisha kupanda minara. Alisema kule juu upepo ni mkali, mtu hajisikii mwenyewe, na ndiyo maana anapapenda. Bomba la moshi liliangushwa kwa baruti mbele ya kamera, nalo watu walilitazama likilala chini, na hata mmoja hakulia. Waliohamia mijini walileta habari kwa simu: wenye nyumba wanawalalamikia kwamba wana jenereta chumbani, wanakuja kukagua, hawaoni kitu.

Mumewe alinenepa. Akaanza kupanda ngazi bila kusimama katikati, akaanza hata utani wake wa zamani. Mchana mmoja alikuwa amejilaza baada ya chakula, dirisha wazi, hewa safi inaingia. Mama Geji akaketi karibu naye, kisha polepole akainama akaweka sikio kifuani pake. Hakukuwa na mkoromo. Chini kabisa, chini ya moyo, ulikuwepo ule mwingine, mzito, usiochoka. Na alipobana pumzi ili asikilize vizuri, upande mmoja wa sauti ulikatika, upande uliotoka kifuani mwake mwenyewe, kifua ambacho kule kituoni kilikuwa bado kimya.

Mume akafumbua jicho moja. "Unasikiliza nini?"

"Kifua chako."

"Kimepona?"

"Kinafanya kazi," alisema.

Akaridhika, akalala tena. Mama Geji alikaa hivyo hivyo, pumzi ameibana, akisubiri ajue ataweza kuizuia mpaka lini.