Kerezo la Fundi Saa na Mkewe

Baba alikuwa fundi saa, mama fundi cherehani. Walifanya kazi chumba kimoja cha mbele, baba dirishani, mama mlangoni, wakisemeshana bila kuinua macho.

Kerezo la baba lilikuwa mashine ndogo ya kuchongea vyuma, refu kama kigasha cha mkono, likiendeshwa kwa pedeli. Aliachiwa na fundi aliyemfundisha. Vifaa vyake vilikaa kwenye sanduku la mbao, kila kimoja na tundu lake: vya kubania vyuma vyembamba, na kile alichokipenda kuliko vyote, cha kukatia meno ya magurudumu ya saa. Sisi watoto tulikatazwa hata kulipumulia sanduku lile.

Mwaka niliomaliza shule, mikono yake ikaanza kutetemeka. Alisingizia baridi. Kisha siku moja, akichonga mhimili wa saa ya muuguzi mmoja, chuma chembamba kama unywele, ukamkatikia mara tatu. Akavua lenzi jichoni, akaiweka mezani.

"Hebu nipishe nijaribu," mama akasema.

"Mama watoto, hiki si kitambaa."

"Naona. Kitambaa hakinuni."

Baba akacheka, akampisha. Mguu wa mama ulishazoea pedeli ya cherehani. Kazi ilikuwa mikononi. Baba alikaa nyuma yake, amefumba macho, anasikiliza chuma kinavyolia.

"Umekandamiza. Legeza kidogo. Haya, hivyo hivyo."

Mhimili wa kwanza ulikatika. Wa pili ulirukia sakafuni, tukautafuta kwa magoti, tusiuone. Siku ya tisa saa ya muuguzi ikatembea. Baba aliiweka sikioni muda mrefu, kisha akampa mama.

"Sikiliza kazi yako, fundi."

Walifanya kazi hivyo miaka kumi na mmoja, mama mikono, baba masikio. Baba alipofariki, mama aliendelea peke yake, mpaka saa za betri zikatapakaa kila mahali na wateja wakapungua mmoja mmoja. Alipohamia kwangu alikuja na nguo zake na kerezo. Liko sebuleni, analipaka mafuta mwenyewe, ingawa ni mwaka wa nne hajaletewa saa.

Ninachokumbuka zaidi ni jioni zile nilipokuwa nikitoka kazini. Niliwasikia tangu uchochoroni wakibishania unene wa chuma ambao jicho haliuoni, nami nilikawia nje kidogo, nisiwakatishe.