Jani Ndani ya Chupa

Majani yaliyofyekwa asubuhi yakalala juani mpaka jioni yana harufu tamu, inakaribia vanila, na mimi harufu hiyo hunitia hasira hadi leo. Ndiyo iliyotoka kwenye chupa ya shangazi yangu Veronika, kijijini kwetu nje ya Nzega, masika ile nikiwa darasa la tatu. Shangazi alikuwa mpishi wa padri mmoja Mpolandi. Padri alipohamishwa alimwachia vodka ya kwao, na ndani yake limesimama jani moja refu la nyasi. Jumapili baada ya misa shangazi aliipoza chupa kwenye maji ya mtungi, akamimina kikombe kidogo cha kahawa, akameza mara moja, akashushia kipande cha samaki wa chumvi, kama padri alivyomfundisha. Mimi nilipewa kunusa tu. "Nyati wa kwao ndio wanaokula majani haya," aliniambia, tukacheka.

Kisha mtoto wa baba mdogo akashikwa na homa kali. Shangazi hakujaliwa kuzaa, na kwetu mtoto akiugua, mwanamke asiyezaa ndiye hutazamwa kwanza. Wakapekua chumba chake, wakaitoa chupa uani.

"Dada, pombe gani hii yenye jani?" baba mdogo aliuliza.

"Ya Padri, mdogo wangu. Ngoja niinywe mbele yenu."

Akainywa. Maskini shangazi!

"Mmeona?" baba mdogo akawageukia watu. "Mchawi hadhuriwi na dawa yake! Kikulacho ki nguoni mwako." Akaimwaga iliyobaki mekoni. Moto ukaruka juu, wanawake wakapiga yowe, na kesi ikaishia hapo. Shangazi alifukuzwa jioni ile ile na kanga aliyovaa. Wasemao zimwi likujualo halikuli likakwisha hawakuzaliwa kwetu. Mtoto alipelekwa hospitali, ikaonekana ni malaria, akapona. Hakuna aliyetumwa kumrudisha shangazi. Alifia Ziba, akichuma pamba ya watu, na habari zilitufikia ameshazikwa.

Juzi mtoto yule, sasa bwana mzima, alifanya sherehe ya uchumba wake huko Kanyenye, mjini. Chupa za vodka ile ile yenye jani zilipangwa mezani, pamoja na barafu na juisi ya tufaha. Kilichomfukuzisha shangazi leo ni heshima ya meza. Baba mdogo, mvi tupu, alinusa glasi yake, akafumba macho kwa raha.

"Shikamoo, baba mdogo. Hilo jani ni la nini?"

"Marahaba, mwanangu. Aah, la harufu tu." Akanisogezea glasi. "Kunywa. Halina madhara."