Kubana Kidole

Samli ikianza kupata moto kwenye sufuria, harufu yake hunirudisha Awendo, kwenye sakafu ya jikoni kwa nyanya yangu, nikiwa nimepiga magoti mbele ya mbwa wetu.

Trekta la miwa lilikuwa limemgonga, na miguu yake ya nyuma ilikuwa ikiburutika tu. Baba alisema asiposimama kufikia Jumapili, atamwita mtu mwenye panga. Hiyo ilikuwa Ijumaa.

Nyanya alinipaka samli viganjani akanionyesha: ukande paja, ukunje na kukunjua mguu kama wa mtu anayeendesha baiskeli, mwisho ubane kidole uone kama atauvuta. Nilibana. Mguu ulilala kama kitambaa kilicholowa. Nikazidi kukanda kwa nguvu, mbiombio, machozi yakinidondoka.

“Mos,” nyanya akasema.

Kwetu neno hilo ni polepole, na ndilo hilo hilo la kumpa pole aliyefiwa. Mimi nilisikia pole. Nikauachilia mguu, nikaangua kilio.

“Nani amekufa?” akaniuliza. “Nimesema usiharakishe. Bana tena.”

Nilibana. Mguu ukashtuka, kidogo sana.

Samli niliyoipasha leo, miaka mingi baadaye, sasa imepoa, inashikika. Nyanya amelala chali, miguu yake haijasogea tangu alipoanguka. Namkanda paja, namkunja goti polepole, namkunjua. Kisha nambana kidole cha mguu na kusubiri.

“Mos, mjukuu wangu,” ananiambia, na safari hii sijui anamaanisha lipi.