Elektroni za Kamalondo

Exaucée Mwaba alikuwa anasomea uhandisi wa umeme, na mtihani wa sumaku na umeme ulikuwa umemwangusha mara mbili. Fomula alizijua kama Baba Yetu. Kilichomshinda ni kuona hiyo induction: sumaku ikikaribia duara la waya, mkondo unazaliwa ndani yake, lakini kwa nini unazunguka upande huu na si ule? Maabara ingemwonyesha, ila siku ya maabara umeme ulikatika, na wiki iliyofuata vilevile.

Basi Jumamosi asubuhi aliwaita wenzake wanane mbele ya nyumba yao, mtaani Kamalondo, akawapanga duara. Hao ndio elektroni. Guelor, mwanafunzi mwenzao wa tisa na mnene kuliko wote, akawa sumaku: kitenge chekundu kifuani, cha bluu mgongoni, ndizo ncha zake mbili. Guelor akija, duara linazunguka kulia. Akirudi nyuma, linazunguka kushoto. Akisimama, wote wanasimama kimya.

Mama Kavugho, muuza maharage aliyehamia kutoka Butembo, aliwatazama kwa muda mrefu, kisha akavua viatu.

"Hii kanisa ni ya pasta nani?"

"Hapana kanisa, mama. Iko induction."

"Induction munasalaka siku gani?"

Exaucée akaeleza yote. Mama akasikiliza kwa heshima, halafu akaingia kati ya elektroni ya tatu na ya nne. Kufikia saa nne walikuwa watu ishirini na sita miguu mitupu, wengi wao kina mama wa mtaa, pamoja na fundi Edouard aliyeacha suruali ya mteja kwenye cherehani.

Guelor akaja tena, kwa kasi. Kina mama, walipoona anataka kuingia na viatu, wakamsukuma. Akaongeza nguvu, nao wakaongeza. Alipochoka akataka kuondoka, wakamshika kitenge.

"Unaenda wapi? Hatuyamaliza kusali."

Exaucée akakaa vumbini. Mkondo unakataa mabadiliko, basi. Sumaku ikija unaisukuma, ikiondoka unaivuta. Machozi yakamtoka, na watu wakanong'ona kwamba ameguswa na Roho.

Kwenye mtihani wa mdomo profesa alimuuliza mkondo huo unafanya nini.

"Unafanya kama bamama, Prof. Unamukatalia sumaku kuingia, kisha unamukatalia kutoka."

Profesa aliyaandika maneno hayo. Akampa kumi na nne juu ya ishirini.

Guelor alipata nane. Alisema hakupata nafasi ya kusoma, maana kila Jumamosi watu sitini walikuwa wanamngoja, wameshavua viatu.