Nilimpa Shujaa Wangu Hekima Sita

"Akili na hekima ni vitu viwili, kila kimoja kina alama zake."

Aliyeandika hivyo kwenye ukurasa wake ni mpwa wangu Neema, anayesimamia ule mchezo wa mezani ambapo kila mtu hubuni shujaa, humgawia alama, kisha hurusha dadu.

Nilimjibu hapohapo hadharani kwamba ni upuuzi, na wengine mkaja kumcheka. Mwenye akili atakosaje hekima?

Leo nilikwenda kwake Mvumi kumthibitishia. Shujaa wangu nikampa akili kumi na nane, alama ya juu kabisa. Hekima nikaiachia sita zilizobaki.

Katika mchezo tukafika kisimani. Bibi mwenye kisima akatunyima maji, nikaanza kuzichambua hoja zake moja moja.

"Mjomba," Neema akanikatiza, "hujamwamkia."

"Bibi wa kubuni naye anataka shikamoo?"

Meza nzima ikainamisha vichwa.

Nikageuka. Mama mkwe wa Neema alikuwa nyuma yangu na sinia la chai. Alikuwa ameshanikaribisha mara mbili, nami, bila hata kumtazama, nilimpungia mkono asubiri nimalize.

"Mwacheni amalize," alisema kwa upole. "Naona ana kazi."

Mkwe wetu, jamani! Na umri wangu huu!

Nilitoa shikamoo huku nikitazama viatu vyangu.

Neema alipokea sinia, akanimiminia chai. Angenisema, ningepata cha kubishia.

Nimeshawaomba radhi wote wawili. Sasa ninyi mliomcheka Neema kwa sababu mimi nilianza, hasa wewe Shemeji Daudi na walimu wenzako: nendeni kwenye ukurasa wake sasa hivi, mwombeni radhi, na msiweke "lakini".